Mabuyu na achari za nyuma ya soko la zamani Malindi: mabuyu chukueni, achari subirini kidogo

Nianze na jibu kabisa manake najua wengine hamfiki chini: mabuyu yao nayapa tano kwa tano, huduma ya jumla nne, achari ya embe sai ni tatu na hapo nimewaonea haya, na zile juisi mpya za chupa sizipi kitu, hata sijui zimeingiaje pale. Jina la duka sitaji, mwenyewe kaniomba, anasema simu alizonazo tayari zinamshinda kupokea, akiongezewa za watu wa kuuliza bei saa tano za usiku na wasinunue ataliacha jiko. Ila ukiwa Malindi huhitaji jina, ingia vichochoro vya nyuma ya soko la zamani, uliza mabuyu ya yule mama aliyekuwa akipika hotelini, mtoto yeyote atakupeleka mpaka mlangoni.

Mimi nina duka dogo la rejareja huku Maweni, unga, sabuni, mafuta ya taa, vitu hivyo, na pale mbele kwenye kaunta ni mikebe ya watoto, mabuyu, ukwaju, kashata, kwa hivyo kwao nanunua kwa kuuza na nanunua kwa kula pia, na nimekuwa nao tangu mama akipikia nyumbani kwake hana bango wala mizani. Ndio nikaona niandike, manake watu wakisifia biashara changa utasikia tu "mama ana bidii mashallah", sasa bidii nani hana hapa Malindi, na mbona kila mwaka milango inafungwa?

Haya, mabuyu. Mtu anayejua mabuyu haangalii wekundu, anaangalia nyama. Kuna mabuyu yanauzwa hapa mjini ni kokwa tupu, unga wake wote ushakung'utwa ukauzwa kando, halafu kokwa inapakwa sukari na rangi ikawa nyekundu inang'aa, mtoto akimumunya mara mbili kabakiwa na jiwe mdomoni. Ya huyu mama ukiitia moja mdomoni kwanza unapata sukari, halafu iliki, halafu ndio uchachu unaanza kutoka pole pole na unakaa, pilipili inakuja mwisho kabisa kooni wakati ushasahau. Nyama ni nene mpaka unaichezesha na ulimi. Na ukubwa unakaribiana, hupati pakiti nusu yake ni vumbi na vipande vya nyuzi.

Nilishasimama jikoni kwake nikingoja mzigo wangu ufungwe, nikaona vile anafanya. Sukari na maji kwenye sufuria kubwa, inachemka mpaka inakuwa shira, yeye anaichota kidogo na mwiko, anaipuliza, anaibana kati ya kidole gumba na cha shahada anavivuta, kukitoka uzi usiokatika ndio anatia rangi, iliki, chumvi na pilipili ya unga. Halafu anaepua. Hapo ndipo wengi wanaharibu, wao wanamimina mabuyu moto bado uko chini, ile nyama inayeyuka inaachana na kokwa. Yeye anaepua kwanza ndio anamimina, anageuza haraka haraka, sufuria ikianza kukauka ananyunyiza unga wa mbuyu wenyewe ili yasigandane, anayamwaga kwenye sinia. Na hayafungi mpaka yapoe kabisa, hata uwe na haraka vipi atakwambia kaa hapo mwanangu unywe kahawa, manake yakifungwa yakiwa moto mkebe unatoa jasho ndani, na kwa huu unyevu wetu wa pwani siku chache tu yamekuwa donge. Wakati wa masika anapika kidogo kidogo kwa sababu hiyo hiyo, na mimi wakati huo naagiza nusu ya kawaida wala sinung'uniki.

Rangi: anayo nyekundu ya kawaida na anayo yasiyotiwa rangi kabisa, hayo yanakaa ya kahawia hivi, si ya kuvutia macho lakini ladha ni ile ile. Marekani walipopiga marufuku ile rangi nyekundu ya Red No. 3 kwenye vyakula, Januari 2025, wazazi wa hapa mtaani wakaanza kuniuliza hii ya mabuyu ni gani, sikuwa na jibu la kuwapa nikampelekea yeye swali, akanionyesha kibati cha rangi anayotumia na karatasi yake, ni nyingine, halafu wiki ile ile akaongeza sinia la yasiyo na rangi. Sai kwangu yasiyo na rangi yananunuliwa na watu wazima zaidi kuliko watoto. Watoto bado wanataka ulimi uwe mwekundu, huwezi kushindana nao.

Sasa nije kwa biashara yenyewe. Huyu mama alikuwa jikoni kwenye hoteli moja ya barabara ya pwani. Machi 2020, wakati wa korona, serikali ikasimamisha ndege za abiria kutoka nje, zikaja kurudi Agosti lakini watalii wetu wa Kitaliano hawakurudi na ndege ya kwanza, na hoteli nyingi za hapa zilikuwa zishatuma watu nyumbani. Akaanza kupika mabuyu kwenye jiko la makaa uani, akifunga kwenye karatasi iliyokunjwa kama tunavyofunga njugu, anawapa wanawe wapeleke maduka ya karibu. Chumba cha duka amekipanga 2023. Kwa hivyo duka ni changa, lakini mkono si mchanga.

Kitu ambacho mimi nakipenda, na ndio sababu nne zangu za huduma ya jumla, hakopeshi. Hakopeshi mtu. Mara ya kwanza nilijaribu, nikamwambia mama nipe katoni mbili nitakulipa Jumamosi, akaniangalia akacheka, "Mwanangu, deni la mabuyu analipa nani, na mtoto ashakula?" Nilikasirika kidogo siku ile. Lakini nimeona wenzake wawili watatu walioanza naye, mmoja wa kashata mmoja wa viazi vya pakiti, walikuwa wakigawa mzigo maduka yote ya Maweni na Barani kwa daftari, mauzo yakionekana makubwa, halafu siku ya kununua sukari pesa yote iko kwa watu. Faida kwenye daftari hainunui sukari. Walifunga na bado kuna watu wanawadai na wao wanadai watu.

Na pesa ya duka ina till yake, ile namba ya kupokelea malipo ya wateja kwa simu, haichanganyi na simu yake. Kila Ijumaa anajilipa mshahara sawa na vile anavyowalipa wale wasichana wawili aliowaajiri, yeye anajikatia zaidi kidogo, basi, kilichobaki ni cha duka. Harusi ikija, msiba ukija, anatoa kwenye mshahara wake au anakopa kwa dadake kama mtu mwingine yeyote. Nikamuuliza nani alimfundisha hilo, akasema hotelini, kule meneja hakuwa akiingiza mkono kwenye droo ya kaunta akatoe pesa ya nyama ya nyumbani. Kweli kabisa. Sisi wenye maduka ndio tunaingiza.

Mwaka wa 2023 nadhani ndio ulimpima. Sukari mnakumbuka ilivyopanda, kilo ikapita shilingi mia mbili, na mabuyu ni sukari. Wauzaji wengine walifanya ujanja tunaoujua, pakiti ikabaki ile ile ya kumi lakini ndani unahesabu kokwa tano. Yeye alipandisha bei waziwazi, akaandika kwenye kadibodi na kalamu ya wino mzito: "Sukari imepanda, mabuyu yamepanda, uzani ni ule ule." Tulilalamika sote. Mimi mwenyewe watoto walinipigia kelele dukani wiki nzima. Lakini hawakuhama, manake mtoto si mjinga, anajua mfuko uliopungua kabla hata hajaufungua. Na sukari iliposhuka alishusha, si yote, ila alishusha. Ni nani mwingine mmemuona akishusha bei?

Mtaji watu wanauliza sana, alitoa wapi. Hustler Fund, ile mikopo ya serikali ya kwenye simu, ilipoanza Novemba 2022 alijisajili kama sisi wote, akapewa limit ya mia tano, akachukua akalipa akachukua tena, inapanda lakini kwa mwendo wa kobe, na gunia la mabuyu makavu kutoka Ganze au Magarini halinunuliki kwa mia tano. Kilichomtoa ni mchezo wa akina mama, ule wa kuchangiana kwa zamu, aliomba zamu yake iangukie msimu wa mabuyu. Hapa wasiojua wasikie vizuri: mabuyu yana msimu, yakianguka inabidi ununue magunia ya kukutosha miezi mbele, kwa hivyo pesa yako inalala stoo imekaa hivyo na panya wanaitaka. Mwenye mtaji mdogo anashindwa hapo, si kwenye kupika. Na siku hizi unagombania na watu wa unga, Ulaya waliruhusu unga wa mbuyu uuzwe kwao kama chakula tangu 2008 na Marekani wakafuata 2009, kwa hivyo gunia ambalo zamani lilikuwa la kina mama wa mabuyu tu sai lina wenyewe wengi. Ile 2022 mibuyu ilipong'olewa hapa Kilifi ikitakiwa kusafirishwa kwenda nchi ya Georgia, mpaka rais akaingilia ikasimamishwa, nilimkuta dukani amekasirika kuliko nilivyowahi kumuona, anasema mti wa babu wa babu yake unakwenda kupandwa bustani ya mtu. Hilo ni la kando lakini ndivyo ilivyokuwa.

Makaratasi ameyaweka sawa, leseni ya kaunti iko ukutani, wasichana wana vyeti vya afya vya kila miezi sita, na lebo sai ina tarehe, uzani, vilivyomo ndani na alama ya ubora ya KEBS. Ilimchukua muda na pesa na alinung'unika sana. Lakini bila alama hiyo asingeuzia hoteli, na hoteli nazo zinataka risiti ya eTIMS, ile ya mtandao ya watu wa kodi, kwa hivyo na hiyo amejifunza, binti yake ndiye anayebonyeza.

Halafu kuna ile ya supamaketi, niliipenda. Supamaketi moja, hapa hapa pwani, ilimtaka, oda kubwa, rafu nzima. Sharti ni alete mzigo, yeye ndiye apange kwenye rafu, kisichouzwa arudishiwe, na malipo baada ya siku sitini. Watu wote tulimwambia chukua mama, hii ndio nafasi. Alikataa. Alikaa na kalamu akapiga hesabu, siku sitini ni oda mbili tatu za sukari na mishahara ya wasichana, zote atoe mfukoni kabla hajaona hata shilingi. Na wote tuliona ile supamaketi kubwa ya Nakumatt ilipoanguka wasambazaji walivyoachwa na madeni yao, na hao walikuwa kampuni kubwa zenye mawakili. Akabaki na sisi wa maduka madogo, tunalipa pale pale. Wengine walimuona muoga. Mimi naona mama alijua kodi yake inalipwa na nani, inalipwa na mtoto mwenye shilingi ishirini. Aprili ikifika watalii wanapungua, hoteli zingine zinafunga mpaka Julai, oda za hoteli zinakuwa hadithi, lakini shule zikifunguliwa mtoto wa Ngala na wa Kisumu Ndogo yuko pale pale na ishirini yake. Hoteli kwake ni nyongeza. Siku atakapogeuza hiyo hesabu, hoteli ziwe ndio kodi na watoto ndio nyongeza, tutamsikia kwenye msiba wa biashara.

Na hapo ndipo nina ugomvi naye, manake naona ameanza kugeuza.

Tuchukue achari. Achari yake ya zamani ilikuwa embe mbichi ngumu, zimekatwa vipande virefu vya kulingana, zimetiwa chumvi, zimeanikwa juani mpaka zikajikunja, ndio zikaingia kwenye pilipili, uwatu, haradali na siki. Ukila na wali wa nazi na samaki wa kukaanga husemi na mtu. Sasa mwaka huu alipata oda za hoteli na za watu wa Nairobi kwa pamoja, embe zikakatwa na vibarua, na jua halikungojewa. Vipande vingine vinene vingine vyembamba, ukiuma ndani vina maji, na siki imeongezwa kufunika. Chupa mbili kati ya nilizochukua zilikuja vifuniko vimevimba na zinavuja pembeni, katoni yote ikanuka siki. Kwa haki yake niseme nilipozirudisha hakubishana hata neno, alinipa nyingine na akaniongezea mabuyu ya bure, na vibarua sikuwaona tena. Lakini chupa nilizopewa badala yake nazo ni za mkupuo ule ule, hazivuji, ladha tu ndio haipo. Ndio maana tatu.

Juisi nazo. Amenunua friji ya kioo, anauza juisi ya ubuyu na ya ukwaju kwenye chupa. Juisi ya ubuyu ni nzuri ikiwa imetengenezwa asubuhi, jioni imeanza kuchacha kwa chini na unga umetuama mpaka uitikise kama dawa ya mtoto. Na hapa stima ikipotea alasiri yote mnajua inakuwaje. Nikamwambia mama hii friji ingekuwa magunia, akanijibu Desemba watalii wanaingia wanauliza kinywaji baridi, mabuyu hawayaelewi wanayatema, nifanyeje. Ana hoja, sikatai. Ila Desemba ni mwezi mmoja, na friji inakula tokeni za stima miezi kumi na miwili. Pia ameanza mafuta ya mbuyu ya ngozi na sabuni, hizo sijazijaribu, siziwekei alama.

Tatizo langu kubwa hata si juisi, ni shira. Shira anaijua yeye peke yake. Msichana mmoja anafundishwa lakini bado, alipika siku moja mama akiwa kwenye oda, nikapata katoni ina mabuyu yameng'ang'ania mpaka nikayavunja na mpini wa kisu. Mama akienda msibani Mambrui duka linafungwa, kabisa, na mimi kaunta yangu inabaki na mikebe mitupu na watoto wanauliza. Sasa mtu kama huyo anaongeza juisi, anaongeza sabuni, anapeleka mizigo hotelini mwenyewe, nani amebaki kwenye sufuria? Ningekuwa mimi, miezi sita hii nisingeongeza hata kitu kimoja, ningemkalisha yule msichana pale jikoni mpaka avute uzi wa shira akiwa amefumba macho. Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema, "Nimekusikia mwanangu," na mnajua mama wa Kiswahili akikwambia nimekusikia amemaanisha nini.

Usafirishaji kwa walio mbali, anatuma kwa basi mpaka Mombasa na Nairobi, unalipa kwanza, gharama ya kutuma ni yako. Mzigo wa binamu yangu aliye Eastleigh ulifika mikebe miwili imepasuka, aliyepokea hakupiga picha kwa hivyo hakulipwa, mnaopokea pigeni picha kabla hamjafungua katoni. Kupokea simu ni shida kweli, andika ujumbe, binti anajibu jioni.

Bei nilizochukua mara ya mwisho: pakiti ya mtoto ishirini, mkebe mdogo mia moja, mkubwa mia mbili na hamsini, kwa jumla anaanzia katoni moja na bei inashuka ukichukua tatu. Achari chupa ni mia mbili. Zinabadilika na sukari kwa hivyo msije mkanishikia bango. Mkienda kununua nendeni asubuhi, mabuyu ya jana usiku yanakuwa yamepoa na yanafungwa mbele yenu, ombeni kuonja kabla ya kulipa, anatoa bila kununa. Ijumaa mchana msihangaike, panafungwa mpaka swala iishe. Na ukirudi na mkebe wako wa zamani umeuosha anakukatia shilingi kumi.